Kompyuta ya biashara: lini gharama yake hupunguza kodi, na lini haipunguzi

Mwenye duka la uchapaji na fotokopi mjini Nagongera, wilayani Tororo, anaponunua kompyuta mpakato kwa ajili ya kazi yake, sheria ya Uganda inaweza kumruhusu aitoe gharama yote ya kifaa hicho katika mapato ya mwaka huo huo, kabla kodi haijakokotolewa. Hata hivyo, kwa wafanyabiashara wengi wadogo wa mji huo na wa miji jirani ya Tororo, Malaba na Busia, ruhusa hiyo imo katika kitabu cha sheria lakini haiwagusi. Wao hutozwa kodi juu ya mauzo, si juu ya faida, na kodi ya mauzo haiulizi mtu ametumia kiasi gani.

Tofauti hiyo ndiyo chanzo cha malalamiko yanayosikika mara kwa mara: mtu amenunua kompyuta, ameitunza risiti, ameipeleka pamoja na hesabu zake, na kodi haikushuka hata kwa shilingi moja. Makala hii inaeleza ni nani ananufaika, kwa kiasi gani, na ni karatasi zipi zinazohitajika, hasa kwa mtu anayenunua vifaa vyake ng'ambo ya mpaka.

Kwanza, neno lenyewe. Kwa Kiswahili jambo hili hutajwa kwa namna tatu: kukata gharama, kutoa gharama, au kupunguza gharama katika kodi. La kwanza humkumbusha msikilizaji mshahara uliokatwa. La tatu lina hatari kubwa zaidi, kwani humfanya mtu aamini kwamba akinunua kompyuta ya shilingi 900,000, kodi yake itapungua kwa shilingi 900,000. Kinachopungua ni pato linalotozwa kodi, si kodi yenyewe. Mtu ambaye sehemu ya juu ya pato lake hutozwa asilimia 10 atapata nafuu ya shilingi 90,000. Anayetozwa asilimia 30 atapata shilingi 270,000. Sehemu nyingine ya bei ameitoa mfukoni mwake wala hairudi. Kwa hiyo muuzaji anayekwambia ununue mashine usiyoihitaji "ili kuokoa kodi" anakuuzia mashine, hakuuzii nafuu.

Wanaotozwa kodi juu ya mauzo

Sheria ya Kodi ya Mapato ya Uganda, iliyoanza kutumika mwaka 1997, inawaweka wafanyabiashara wadogo katika kundi la peke yao. Ni wale ambao mauzo yao ghafi kwa mwaka ni kati ya shilingi milioni 10 na milioni 150. Aliye chini ya milioni 10 hadaiwi kodi hii. Kwa waliomo ndani ya kundi, viwango vilivyoanza tarehe 1 Julai 2020 vinatofautiana kulingana na jambo moja: je, mfanyabiashara anaweka kumbukumbu za hesabu au haweki?

Mwenye mauzo kati ya milioni 10 na milioni 30 asiye na kumbukumbu hulipa shilingi 80,000 kwa mwaka, liwe duka limechangamka au limedorora. Mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 0.4 ya kiasi kinachozidi milioni 10. Kati ya milioni 30 na 50, asiye na kumbukumbu hulipa 200,000, na mwenye nazo hulipa 80,000 pamoja na asilimia 0.5 ya kinachozidi milioni 30. Kati ya milioni 50 na 80 ni 400,000 kwa asiye nazo, au 180,000 na asilimia 0.6 ya kinachozidi milioni 50 kwa aliye nazo. Daraja la mwisho, milioni 80 hadi 150, ni 900,000, au 360,000 na asilimia 0.7 ya kinachozidi milioni 80.

Tuchukue duka la kufikirika karibu na kampasi ya Chuo Kikuu cha Busitema mjini Nagongera, ambako wanafunzi wa ualimu huleta kazi zao kuchapishwa na kutolewa nakala. Mauzo ya mwaka ni shilingi milioni 24. Akiwa na daftari la hesabu, mwenye duka atalipa asilimia 0.4 ya milioni 14, yaani shilingi 56,000. Bila daftari atalipa 80,000. Sasa mwaka huo amenunua kompyuta ya shilingi 900,000. Kodi yake itakuwa kiasi gani? Ni ile ile: 56,000 au 80,000. Katika utaratibu huu hakuna gharama inayotolewa, iwe kompyuta, kodi ya pango, umeme au karatasi.

Kwa mtu wa namna hii, daftari lina thamani kuliko risiti ya kompyuta. Limempunguzia shilingi 24,000, na kompyuta haikumpunguzia kitu. Tofauti huongezeka mauzo yanapokua: mwenye mauzo ya milioni 60 aliye na kumbukumbu hulipa shilingi 240,000, na asiye nazo 400,000. Ikiwa kompyuta hiyo ndiyo itakayotumika kuandika mauzo ya kila siku, basi nafuu yake ya kikodi itapatikana kwa njia hiyo ya kuzunguka.

Wapo wasioruhusiwa kuingia katika kundi hili hata mauzo yao yakiwa madogo: wanaotoa huduma za kitaalamu kama vile udaktari, udaktari wa meno, uwakili, uhasibu, uhandisi na usanifu majengo, pamoja na wenye huduma za burudani kwa umma, huduma za jamii kama maji na umeme, na ujenzi. Daktari mwenye kliniki yake binafsi Nagongera, kwa mfano, hutozwa kodi juu ya faida tangu mwanzo. Kwake yeye kompyuta ya kliniki inahesabika.

Kuna pia marekebisho ya mwaka 2025 yanayozisamehe kodi ya mapato kwa miaka 3 biashara mpya za raia wa Uganda zilizoanzishwa kuanzia tarehe 1 Julai 2025, ikiwa mtaji wake hauzidi shilingi milioni 500 na masharti mengine yametimizwa. Kwa biashara iliyo ndani ya msamaha huo, hakuna kodi ya kupunguza.

Kuomba kutozwa juu ya faida

Mfanyabiashara mdogo hakufungiwa mlango. Sheria inamruhusu kumwandikia Kamishna wa Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA, kwamba amechagua kutozwa kwa utaratibu wa kawaida, yaani juu ya faida. Hapo gharama zote halali za biashara huhesabika, kompyuta ikiwemo. Je, inafaa? Jibu linategemea ukubwa wa faida yenyewe na mapato mengine ya mtu huyo.

Kwa mtu binafsi mkazi wa Uganda, shilingi 2,820,000 za kwanza za pato la mwaka hazitozwi. Kutoka hapo hadi 4,020,000 hutozwa asilimia 10. Kutoka 4,020,000 hadi 4,920,000 asilimia 20. Na zaidi ya hapo asilimia 30, huku pato linalozidi milioni 120 likiongezewa asilimia 10 nyingine.

Turudi kwa duka lenye mauzo ya milioni 60. Tuseme bidhaa zake ni vifaa vya kuandikia ambavyo faida yake ni nyembamba, na baada ya gharama zote mwenye duka hubaki na shilingi milioni 4. Juu ya mauzo angelipa 240,000. Juu ya faida atalipa asilimia 10 ya 1,180,000, yaani 118,000. Akinunua kompyuta ya 900,000 na kuitoa yote, faida inashuka hadi 3,100,000, na kodi inakuwa 28,000. Hapo kompyuta imemwokoa shilingi 90,000 barabara, na uchaguzi wake kwa jumla umemwokoa 212,000.

Lakini tubadilishe jambo moja tu: mwenye duka ni mwalimu anayepokea mshahara. Mshahara wake umekwisha kutumia kile kiwango kisichotozwa, na pengine umemfikisha katika asilimia 30. Faida ya duka huongezwa juu ya mshahara, na zile 3,100,000 zote zitatozwa asilimia 30, yaani 930,000. Kwake yeye kuchagua utaratibu wa faida ili apate kuitoa kompyuta ni kuruka majivu na kukanyaga moto. Kodi ya 240,000 juu ya mauzo ilikuwa nafuu kubwa. Katika mji wenye chuo, seminari na shule, ambako walimu wengi wana duka pembeni, hesabu hii inafaa ifanywe kwa kalamu kabla ya barua kuandikwa.

Anayechagua kutozwa juu ya faida huwajibika pia kuandaa hesabu kamili za mwaka na ritani yake. Akihitaji mhasibu wa kumwandalia, ujira wa mhasibu nao ni gharama ya biashara, lakini unaweza kumeza akiba yote.

Mpaka wa shilingi milioni moja

Kwa wale ambao gharama zao zinahesabika, sheria inavigawa vifaa kwa bei. Kifaa ambacho gharama yake ni chini ya pointi 50 za sarafu hutolewa chote katika mwaka kilionunuliwa. Pointi moja ni shilingi 20,000, kwa hiyo mpaka ni shilingi 1,000,000. Katika toleo la zamani la sheria, Sura ya 340, jambo hili lilikuwa katika kifungu cha 26, pamoja na gharama za matengenezo. Toleo lililorekebishwa, ambalo lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2024, limeifanya sheria hiyo kuwa Sura ya 338 na kubadili namba za vifungu. Anayesoma maelezo ya zamani asishangae asipokikuta kifungu mahali pake.

Kinachopimwa ni gharama kamili ya kukipata kifaa, si bei iliyobandikwa dukani. Hapa kuna mtego ambao wengi hawauoni. Kompyuta imeandikwa shilingi 850,000 kabla ya kodi ya ongezeko la thamani. Kodi hiyo ni asilimia 18, sawa na 153,000, na jumla inakuwa 1,003,000. Mnunuzi ambaye hakusajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani hana njia ya kuidai tena, kwa hiyo kwake ni sehemu ya gharama: amevuka mpaka kwa shilingi 3,000. Aliyesajiliwa, ambaye huirudisha kodi hiyo kupitia ritani zake za kila mwezi, gharama yake inabaki 850,000, na kompyuta yote inatolewa mwaka huo. Nauli ya kuisafirisha na malipo ya forodha huongezwa vilevile.

Sharti la pili ni kwamba kifaa kiwe kinachofanya kazi kwa kujitegemea, si kipande cha seti. Kompyuta mpakato hujitegemea. Mashine ya fotokopi hujitegemea. Lakini kompyuta ya mezani yenye sanduku lake, skrini, kibodi na kipanya ni seti moja. Kumwomba muuzaji aandike risiti tatu ili kila moja iwe chini ya milioni hakuibadilishi kuwa vifaa vitatu. Vivyo hivyo kwa paneli ya sola, betri na inveta vilivyonunuliwa pamoja ili kuliwashia duka umeme. Printa ina utata kidogo, kwa kuwa nyingi hazichapi bila kompyuta. Inayoweza pia kutoa nakala peke yake ina hoja yenye nguvu zaidi.

Matengenezo ni rahisi zaidi. Kubadilisha skrini iliyopasuka au kibodi iliyoharibika ni gharama ya matengenezo ya kifaa cha biashara, na hutolewa katika mwaka ilipotumika.

Kifaa kinachofikia milioni moja au zaidi hakipotei. Hutolewa kidogo kidogo kwa jina la uchakavu. Kompyuta na vifaa vya kuchakata data vimewekwa katika daraja la kwanza, lenye kiwango cha asilimia 40 kwa mwaka juu ya thamani iliyosalia. Kompyuta ya shilingi 2,400,000 itatoa 960,000 mwaka wa kwanza, na kubaki na 1,440,000, mwaka wa pili itatoa 576,000, na kubaki na 864,000, na kadhalika. Vifaa vyote vya daraja hilo huhesabiwa katika fungu moja. Kimoja kikiuzwa, bei iliyopatikana huondolewa katika fungu.

Kompyuta inayotumika dukani mchana na kupelekwa nyumbani jioni kwa ajili ya filamu na kazi za shule za watoto ni ya biashara kwa sehemu tu, na sehemu hiyo ndiyo inayoweza kutolewa. Sheria haikubali gharama za nyumbani.

Kompyuta iliyonunuliwa ng'ambo

Wakazi wa Nagongera hawako mbali na Malaba wala Busia, na si ajabu mtu kuvuka kununua mashine upande wa Kenya. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kizinduliwe rasmi mwezi Februari 2018, maofisa wa nchi hizo mbili hufanya kazi chini ya paa moja, na msafiri husimama mara moja badala ya mbili. Urahisi huo wa kuvuka haukuondoa wajibu wa kutangaza mzigo.

Wafanyabiashara wadogo wanakijua vyema cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kinachotolewa mpakani kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani. Cheti hicho ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki: mahindi, maharage, samaki. Kompyuta iliyotengenezwa China haiwi ya Afrika Mashariki kwa kuuzwa Nairobi. Ushuru wa forodha wa pamoja wa Jumuiya kwa kompyuta ni asilimia 0, lakini kodi ya ongezeko la thamani ya Uganda hudaiwa inapoingia.

Kwa suala letu, hati za forodha ndizo zenye uzito. Zinathibitisha kwamba kifaa kimeingia nchini kihalali, kwa bei gani na kwa malipo gani. Kompyuta iliyopita njia za panya nyuma ya bodaboda huenda ikafanya kazi vizuri kabisa, lakini mbele ya URA haina bei, na mwenyewe hujiweka katika hatari ya kunyang'anywa. Bei iliyolipwa kwa shilingi za Kenya hubadilishwa kuwa ya Uganda kwa kiwango cha wastani cha Benki Kuu ya Uganda cha tarehe husika, si kwa kiwango cha mbadilisha fedha wa barabarani.

Risiti

Anayenunua ndani ya Uganda kutoka kwa muuzaji aliyetakiwa kutumia mfumo wa risiti za kielektroniki, EFRIS, lazima apate risiti au ankara ya mfumo huo. Risiti ya kuandikwa kwa mkono kutoka kwa muuzaji wa aina hiyo haitoshi, na gharama yake hukataliwa hata kama kila mtu anakubali kwamba kompyuta ipo mezani. Maduka mengi makubwa ya kompyuta Kampala na Mbale yanauza bidhaa zenye kodi ya ongezeko la thamani, na waliosajiliwa kwa kodi hiyo wamo ndani ya EFRIS. Mnunuzi amtajie muuzaji namba yake ya mlipakodi, TIN, kabla risiti haijatolewa. Aidha, manunuzi yanayozidi shilingi milioni 5 kwa mkupuo kutoka kwa muuzaji asiye na TIN hayatolewi.

Mwenye biashara upande wa Kenya, iwe Busia au Malaba, yuko chini ya KRA, na picha inafanana kwa kiasi fulani. Kuanzia Julai 2023 kodi ya mauzo kwa wafanyabiashara wenye mauzo kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 za Kenya ni asilimia 3, nayo haikubali kutoa gharama. Walio katika utaratibu wa kawaida hupewa uchakavu wa asilimia 25 kwa mwaka kwa kompyuta, vifaa vyake na mashine za fotokopi. Tangu tarehe 1 Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya mfumo wa eTIMS haikubaliwi, isipokuwa pale sheria iliposamehe. Mtu mwenye duka pande zote mbili asichanganye risiti: kompyuta inahesabika katika biashara inayoitumia.

Mwaka wa kodi wa Uganda kwa kawaida huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni, na ritani ya mwaka hutakiwa ndani ya miezi sita baada ya hapo, yaani kufikia tarehe 31 Desemba. Kompyuta iliyonunuliwa tarehe 28 Juni na ile iliyonunuliwa tarehe 3 Julai zimo katika miaka miwili tofauti. Kumbukumbu hutakiwa kuhifadhiwa kwa miaka 5 baada ya mwaka unaohusika, na kwa kuwa wino wa karatasi nyingi za risiti hufifia kabla ya muda huo, ni vyema kuitoa nakala ya risiti siku ile ile inapopokelewa.